Saa ya Baba na Namba Ndani ya Mfuniko

Mlioniacha wiki iliyopita nimeshika kipande cha sabuni, msianze kucheka tena. Mmeshacheka vya kutosha. Kazini wamecheka, nyumbani wamecheka, hata yule mleta mzigo alicheka, na yeye ndiye aliyeniletea.

Anayenisoma leo kwa mara ya kwanza nimpe kwa ufupi. Nilikuwa natafuta saa ya mkono iliyotumika. Nikaiona mtandaoni, nikalipa kabla sijaiona kwa macho. Kikaja kiboksi cha heshima, kina utepe. Nafungua, nakuta sabuni ya kufulia imechongwa kwa kisu mpaka ikaenea saizi ya saa. Aliyeichonga ana mkono mzuri, Mungu amlipe anachostahili.

Mtauliza: mtu mzima, mtunza stoo wa miaka kumi na tisa, saa ya nini na simu anayo? Hapo ndipo penye donda. Wiki zote hizi nimekuwa nikilizunguka, nawapa visa vya pembeni. Leo nimechoka. Mzigo huu umenichosha mpaka kwenye mifupa, acha niutue.

Miaka kumi na mitano iliyopita kaka yangu alifukuzwa nyumbani kwa kuiba saa ya baba.

Saa ile niliichukua mimi.

Sikukusudia kuiba. Nilikuwa naenda kujitambulisha ukweni kwa mara ya kwanza, nikataka mkono wangu uonekane mkono wa mtu. Nikaitoa kabatini kimya kimya, nikasema jioni nitairudisha. Wakati wa kurudi mvua ikanikuta njiani, ikaninyea kama imetumwa. Saa ikaingia maji, ikasimama.

Nikaipeleka kwa fundi. “Njoo baada ya wiki,” akaniambia.

Baba hakusubiri wiki. Alifungua kabati siku ya tatu.

Kaka aliwahi kuuza redio ya nyumbani akiwa na miaka kumi na minne. Basi, nani atafutwe tena? Mwenye jina baya hana wakili. Nilisimama mlangoni nikamwangalia akiokota viatu vyake uani. Sikufungua mdomo. Saa ilipokuwa tayari nikaenda kuichukua, nikamuuzia mtu wa kwanza aliyeitaka, ili isije ikaonekana mkononi mwangu.

Sasa baba anaishi kwangu, chumba cha mbele. Macho yameingiwa na mtoto wa jicho, moyo umechoka. Daktari ametuambia tusimnyime anachokitaka, na nyie mnajua daktari akisema hivyo ana maana gani.

Mwezi uliopita akaniita.

“Ile saa,” akasema, “ingeonekana humu ndani, ningejua nilimwonea mwanangu. Ningemwita. Ningemwomba radhi hata kwa kutambaa.”

Mnaona nilikoelekea? Kiwanda alichofanyia kazi baba kiliwapa wastaafu wote saa za aina moja. Nitafute moja, niitupe nyuma ya kabati, kisha niiokote mbele ya watu. “Jamani, kumbe ilianguka huku!” Kaka anatakata, na mimi sichafuki. Nikajiona nina akili za ajabu.

Ndipo ikaja sabuni.

Baada ya sabuni nikajiambia, sikiliza wewe. Stoo yako hakuna mzigo unaoingia bila wewe kuukata kamba na kuufungua. Ndiyo maana kazini wanakuita Hakiki. Mbona mtandaoni unanunua kama mlevi? Safari hii nunua kama Hakiki.

Nikajiwekea masharti. Silipi kabla ya kushika. Muuzaji anipigie picha ya saa leo, pembeni yake karatasi yenye tarehe ya leo, nijue saa anayo na si picha ya kuokota. Nione mgongo, nione ndani. Tukutane mchana kweupe, mahali penye watu. Niende na mtu wangu. Niende na fundi.

Muuzaji wa kwanza nilipomwomba karatasi ya tarehe alinijia juu. “Kwani unanunua saa au unanioa?”

Wa pili alitaka nitume kidogo “ya kuishikilia.” Nikamwambia aishikilie kwa mikono yake.

Wa tatu alijiita Mama Saa. Picha zake zilikuwa safi. Nikaivuta moja niione kwa karibu, na hapo, kando ya kitufe cha kutia ufunguo, nikaona kibonyeo kidogo, alama ya kugongwa.

Nikakaa chini.

Saa ya baba ilikuwa na kibonyeo pale pale. Alikuwa akikisugua kwa kidole gumba akiwa na mawazo. Mwanzoni nilikuwa nimejiambia kwa macho yale hatatofautisha saa na saa. Nilikuwa nimekisahau kidole. Kidole cha baba kingenikamata ndani ya dakika moja.

Nikaandika: “Naomba picha ya leo, na karatasi ya tarehe.”

Ikaja.

“Naomba picha ya mgongo.”

Ikaja.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Mafundi wa saa wana kawaida yao. Akipokea kazi, anakwaruza kwa sindano ndani ya mfuniko namba ya kazi na tarehe, ili saa ikirudi siku nyingine ajue aliigusa lini. Namba yangu ilikuwa kwenye kikaratasi alichonipa fundi. Kikaratasi nilikitafuna siku ile ile kwa woga, lakini namba haikutoka kichwani miaka yote.

Nikaandika: “Naomba ufungue mfuniko, nione ndani. Kama kuna namba 318 imekwaruzwa, nainunua leo leo.”

Kimya. Siku mbili, Mama Saa hasemi. Nikaanza kusema nimeikosa. Siku ya tatu simu ikalia.

“Ipo. Umejuaje?”

“Mimi ni mtu wa uhakika,” nikajibu, na majivuno yangu yote. Ndugu msomaji, ungekuwa karibu ungenitia kofi.

Halafu nikaongeza la pili, kama vile la kwanza halikutosha: “Usiisafishe tafadhali. Naitaka na vumbi lake.”

Mahali nilichagua mwenyewe. Mgahawa unaotazamana na kituo cha polisi, saa sita mchana, meza ya dirishani, ili muuzaji akija na ujanja aone magwanda. Mtu wa kufuatana naye nilimchagua mke wangu. Alichojua yeye ni kwamba namtafutia mzee saa inayofanana na ile ya zamani, nimfurahishe.

Kwenye fundi nilibabaika. Saa zile mfuniko wake mgumu, fundi wa juzijuzi ataukwaruza wote. Anayezijua vizuri ni mmoja tu, yule yule. Nikajipa moyo. Sura ngapi zimepita dirishani kwake tangu siku ile? Atanikumbukia wapi?

Basi tukakaa watatu. Fundi akaagiza chai, akaweka vifaa vyake kwenye kitambaa. Mke wangu akanishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo halifanyi.

“Mume wangu wewe una moyo,” akasema. “Mwenzio aliiba, wewe unarudisha. Na mama yenu alivyokufa hata kumzika hakuja.”

Nikapiga funda la chai ya moto ikaniunguza ulimi. Afadhali, nikapata sababu ya kunyamaza.

Mama Saa akaingia. Mwanamke wa makamo, mtulivu, pini mbili za cherehani zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni. Akatusalimu vizuri, akakaa, akaiweka saa mezani.

Naapa niliinusa, nikasikia harufu ya lile kabati.

“Fundi,” nikasema, “kazi yako.”

Fundi akavaa lenzi jichoni. Akauzungusha mfuniko taratibu, ukalegea, ukatoka. Akauinamia. Kisha akaanza kucheka.

“Mia tatu kumi na nane! Huu mkono wangu! Ona hii nane, nane yangu ina kiuno chembamba.”

“Basi ni nzima?” nikamwahi. “Funga tu, fundi. Nimeridhika.”

“Ngoja, ngoja.” Akainua uso, lenzi bado ipo jichoni, akanitazama. “Na mimi tangu tunaingia nasema huyu nimemwona wapi. Wewe si yule kijana aliyekuja ametota, shati jeupe limemganda? Ulikuwa karibu kulia. ‘Fundi nisaidie, nimetoka ukweni, na saa si yangu.’ Nilicheka siku hiyo mpaka jioni!”

Nikamsogezea fundi sukari.

Mke wangu akaweka kikombe chini. “Siku gani hiyo?”

“Si hii hapa,” fundi akasema kwa furaha, na kumsomea tarehe. Maskini, alidhani anachangamsha baraza.

“Siku uliyokuja kwetu ilinyesha,” mke wangu akasema polepole. “Ulikuwa umevaa saa. Mama aliisifu. Ukaniambia ni yako. Nilipokuja kukuuliza iko wapi, ukasema umeipoteza.”

“Tutaongea nyumbani.”

“Nyumbani yupo baba,” akasema. “Hii ni saa ya baba?”

Fundi akaacha kucheka. Akaivua lenzi, akaanza kukusanya bisibisi zake moja moja.

“Mimi niliitwa kufungua mfuniko tu,” akasema.

“Kaa, fundi,” mke wangu akamwambia. “Hujamaliza chai.”

Fundi akakaa.

Nikamgeukia Mama Saa. Nilitaka nilipe, nichukue, tuondoke, mengine tutayajua mbele. Yeye alikuwa ameikunja mikono yake mapajani, ananiangalia.

“Umehakikisha, shemeji?” akaniuliza.

Shemeji. Mke wangu hana dada mwenye sura ile. Rafiki zangu wake zao nawajua. Nikabaki kumkodolea macho, na yeye akageuza kichwa kutazama meza ya nyuma yetu.

Pale mezani alikuwepo mtu aliyetupa mgongo tangu tunaingia. Akasimama. Suruali ya gereji, kucha zina grisi isiyotoka kwa sabuni, mvi kichwa kizima.

Kaka yangu.

Nikasimama na mimi.

“Shikamoo, kaka.”

Hakuitikia. Wenye kujua uzito wa salamu ile kuachwa hewani wananielewa. Alivuta kiti, akakaa kando ya mkewe.

“Niliikuta kwa mteja gereji,” akasema, kama anaendeleza mazungumzo tuliyoyaanza jana. “Mwaka wa sita tangu niondoke. Nikaijua kwa kile kibonyeo. Nikamtengenezea gari lake mpaka akanipa saa. Nilitaka nimpelekee baba, nimwambie hii hapa, sikuiba mimi.”

“Mbona hukuja?” mke wangu akauliza.

“Niliifungua niisafishe, nikakuta tarehe. Siku mbili kabla baba hajafungua kabati na kunifukuza. Nikajiuliza, mwizi gani anapeleka saa ya wizi ikatengenezwe? Aliyeipeleka alitaka kuirudisha. Aliyeipeleka ni wa mle ndani.”

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kama mimi, ila uchovu wake ulikuwa wa haki.

“Mle ndani tulikuwa watano. Ukinitoa mimi wanabaki baba, mama, dada na wewe. Nikawapima mmoja mmoja. Dada alikuwa mdogo. Wewe ulikuwa mpole, hukuwa na makuu. Nikaishia kwa mama. Nikasema labda aliidondosha akaogopa ukali wa baba, akaniacha nibebe. Mama alikufa nikiwa namshuku. Ndiyo maana sikuja kumzika.”

Pale kaburini watu waliuliza mkubwa yuko wapi. Nawaungamia: mimi ndiye niliyejibu. Nilisema, “Mwacheni, huyo hana utu.” Watu wakatikisa vichwa, wakanipa pole.

Machozi yalinitoka, na sikujificha. Nilikuwa nimejikinga na matapeli wote wa mtandaoni, nikajikusanyia mashahidi wangu mwenyewe, nikawanunulia na chai.

“Saa nikaiweka mtandaoni,” kaka akaendelea. “Namba ya ndani sikuitaja, nikamsubiri anayeijua. Miaka mitatu naishusha, naipandisha. Watu wanauliza bei. Wanauliza mkanda. Juzi mtu akauliza namba.”

“Na vumbi,” mkewe akadakia. “Miaka yote nauza vitu, sijamwona mnunuzi anayeomba vumbi. Ulitaka la nini, shemeji?”

Kudanganya kungewezekana, ila sikuwa na nguvu tena.

“Baba anaumwa,” nikasema. “Sana. Anasema saa ikionekana ndani ya nyumba, atajua alikuonea. Atakuita. Nilitaka niiokote nyuma ya kabati. Nilitaka kukusafisha, kaka.”

“Nyuma ya kabati.”

“Ndiyo.”

“Ilifikaje nyuma ya kabati?”

“Ilianguka.”

“Nani aliiangusha?”

Nikaanza kukizungusha kikombe changu.

“Kabati la nani?” akauliza. Hakupaza sauti. “Saa ya nani? Nani alikuwa akiiweka na kuitoa?”

“Baba,” nikasema.

“Kwa hiyo mzee afe akijua alimfukuza mtoto wake kwa saa aliyoiangusha kwa mkono wake. Aniombe radhi kwa kutambaa, na wewe pembeni unamshika mkono asianguke.” Akaniinamia. “Mimi huu mzigo nimeubeba miaka kumi na mitano. Sasa unataka kumbebesha baba?”

Naapa mbele yenu sikuwa nimeliwaza hilo. Wiki zote zile nikipanga na kupangua, nikihakiki picha na tarehe na namba, swali hilo la mtoto wa darasa la pili halikunijia hata siku moja. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kaka akaisukuma saa mbele yangu.

“Chukua. Haiuzwi. Ila mimi pale sirudi kuombwa radhi na asiye na kosa. Mwenye kosa akisema kwa mdomo wake, baba akasikia, nitakuja hata kwa miguu.”

“Nitasema,” nikamwambia. “Nipe siku mbili tatu. Moyo wake mbovu, daktari amesema tusimshtue. Nitatafuta saa nzuri ya kumwambia.”

“Unazo siku mbili tatu?” mkewe akauliza. “Au mzee anazo?”

Kaka alishaanza kusimama. Alikuwa na sura ya mtu anayejua mwisho wa hadithi hii, maana siku mbili tatu zangu ndizo zilizomla ujana wake.

Nikamgeukia mke wangu aniokoe. Miaka kumi na minne tumelala kitanda kimoja, nilidhani atasema neno. Hakunitazama. Alikuwa ameshika simu, anabonyeza. Akaiweka katikati ya meza, kwenye spika, kati ya vikombe na ile saa iliyo wazi mgongo.

Ikaita mara moja. Mara mbili. Nikanyoosha mkono kuizima, fundi wa saa akanishika kiganja. Fundi! Mtu niliyemlipa mimi!

“Haloo?” Sauti ya baba, na kikohozi chake.

Kaka alikuwa ameshapiga hatua moja kuelekea mlangoni. Akasimama kama aliyeshikwa shati.

“Baba, ni mimi mkweo,” mke wangu akasema. “Upo umekaa au umelala?”

“Nimekaa, mama. Kuna nini?”

“Mume wangu yupo hapa. Ana neno la kukwambia.”

“Mpe simu basi, mbona kimya hivyo?” Akakohoa tena, akacheka kidogo, kile kicheko chake cha siku hizi kisicho na pumzi. “Sema, mwanangu. Usiniogopee moyo. Katika wote niliowazaa, wewe ndiye ambaye hujawahi kunificha kitu.”

Kaka akarudi, akakaa. Meza nzima ikanitazama, nami nikaisogeza simu karibu na mdomo.